Damu ya Anaeli na Pua ya Bibi Eunike

Pale Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru, Jumapili utaifahamu kwa pua kabla kengele ya kanisa haijalia. Masanduku ya bati hufunguliwa nyumba baada ya nyumba, vitenge vya maana vinatoka, suti za harusi za zamani zinatoka, na harufu ya naftalini inateremka na watu katikati ya migomba mpaka mlangoni mwa kanisa. Ni vile vidonge vyeupe vya mviringo, kama pipi, vinavyowekwa kwenye nguo ili nondo na mende wasizitafune. Wako watu wasioipenda harufu yake. Watu wa Poli wanaipenda, kwa sababu mtu akinuka naftalini maana yake ana nguo ya kuvaa na ana nguo ya kutunza.

Sanduku la Bibi Eunike lilinuka kuliko yote. Hakuwa na haja ya kulisifia. Ukipita nje ya dirisha lake ulilisifia mwenyewe kwa chafya. Mumewe, mzee Yona, alikuwa akisema kwamba siku akifa wasihangaike na mochwari, wamlaze tu mle sandukuni, atakaa vizuri mpaka Yesu arudi.

Chini kabisa ya sanduku hilo kulikuwa na blanketi jeupe la manyoya, zawadi ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao Angel kabla ya ndoa. Halikuwahi kulaliwa na mtu. Lilikuwa linamngoja mjukuu.

Mjukuu akaja. Aliitwa Anaeli, mtoto wa kiume mwenye mashavu kama maandazi yaliyoumuka. Angel na mumewe Eliasi walikaa Njiro, nyumba ya geti, na wote wawili walikuwa watu wa ofisini. Likizo ya uzazi ilikuwa inaisha. Wasichana wa kazi walishapita wawili, mmoja akaondoka kwa kuaga, mwingine akaondoka na pasi. Ikabaki mtoto alelewe na bibi yake mpaka aanze shule ya awali. Shida ni kwamba mabibi walikuwa wawili.

Wa pili alikuwa Evaresta, mama yake Eliasi, mjane wa Kichaga aliyekaa Olasiti kwenye nyumba ya vigae, mwenye friji mbili na sauti inayosikika mpaka kwa jirani wa tatu. Yeye alikwisha nunua kitanda cha mtoto. Eunike hakuwa na kitanda cha mtoto. Alikuwa na ng'ombe, migomba, mfereji unaopita nyuma ya nyumba, na ukimya. Watoto aliowazaa walishashuka wote mjini, na jioni yeye na Yona walikaa wakisikiliza ng'ombe akicheua. Alimtaka mtoto yule kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, ila hakusema, maana hakuzoea kuomba.

"Mama," Angel alimwambia, "akae kwako kwanza wiki hii. Tukiona yuko salama, atabaki. Mama Eliasi naye anamtaka, unajua."

"Najua," alisema Eunike. "Mji mzima unajua."

Akafungua sanduku. Akatoa lile blanketi, akamviringisha mtoto, usoni akabakiza macho na pua tu. Hakulianika hata kidogo. Utaanikaje kitu cha heshima kwenye kamba, kikavuta vumbi na macho ya jirani, kabla mwenyewe hajakitumia? Kila aliyekuja kumwona mtoto aliinama, akavuta pumzi, akasema, "Huyu kweli amepokelewa."

Yona ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa mtu wa kahawa, maisha yake yote akitazama buni kama zimeiva.

"Mama Angel, huyu mtoto anaiva."

"Anaiva nini, mwanaume wewe?"

"Macho. Njoo uone. Yamekuwa kama ndizi ya sokoni."

Eunike akaja na maneno yake mdomoni, akafunua blanketi, maneno yakaishia hapo. Weupe wa macho ulikuwa manjano. Chupa ya maziwa mtoto hakuitaka. Alipomfungua nepi aliona mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Hapo hapo akampigia Angel simu, na kabla jua halijapanda sana Eliasi alikuwa amefika na gari, wakateremka kwenye kliniki moja ya watoto kule Themi.

Evaresta wa Olasiti, upande wa pili wa mji, walimkuta kliniki ameshakaa kwenye benchi. Ilikuwa hivyo kila mara.

"Mama Angel, umemfanya nini mtoto?"

"Karibu, Mama Eliasi. Habari za kwako?"

"Habari zangu hazina manjano! Nilisema mimi. Kule juu kuna baridi, kuna ukungu, kuna maji ya mfereji."

"Mtoto amezaliwa na damu dhaifu," alisema Eunike taratibu. "Na damu mtoto huchukua kwa ukoo wa baba. Sisi akina mama tunabeba tu. Kwa hiyo tuulize kwanza ukoo wenu."

"Ukoo wetu! Kwetu Uchagani wanaume wanafika miaka tisini wanapanda miti!"

"Na wakianguka?"

Nesi akatoka akawaomba wagombane kwa sauti ya chini, kuna watoto wamelala.

Daktari aliitwa Reshma. Alizaliwa Arusha hapo hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha hasa. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamchukua mtoto, halafu akasimama ghafla. Akainusa ile nguo nyeupe.

"Hili blanketi lilikuwa wapi?"

"Sandukuni," Eunike alisema kwa fahari kidogo, hata katika hofu ile. "Limetunzwa tangu sendofu."

"Na naftalini?"

"Ya kutosha, mwanangu."

Daktari akalivua, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akamwambia nesi aupeleke nje kabisa ya jengo. Eunike akauangalia ukiondoka kama anayesindikiza jeneza.

Walimtoa mtoto damu ya kupima, kisha wakamwongezea damu nyingine. Siku zilizofuata Eunike hakutoka kwenye kile kiti cha kando ya kitanda. Evaresta naye hakutoka kwenye kiti cha upande wa pili. Walitazamana juu ya mtoto kama walinzi wa maduka mawili. Manjano yakapungua, mkojo ukarudi rangi yake, na asubuhi moja Anaeli akanyonya chupa nzima halafu akacheua kwenye blauzi ya Evaresta. Eunike akamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote: Angel, Eliasi, mabibi wawili, na Yona, ambaye alikaa pembeni akaanza kusinzia.

"Daktari, sema tu," alianza Evaresta. "Ni ukoo gani?"

"Subirini kwanza," alisema Reshma. "Ndani ya damu kuna chembe nyekundu. Ndani ya kila chembe kuna vimeng'enya, vinafanya kazi mbalimbali. Kimoja kazi yake ni kuikinga chembe, sumu ikija isiiharibu."

"Mlinzi wa geti," alisema Eunike.

"Haswa, bibi. Sasa mlinzi huyu ametengenezwa kama uzi wa shanga. Shanga zaidi ya mia tano, na kila ushanga ni kitu kinaitwa amino asidi. Zimepangwa kwa utaratibu, huu hapa, huu pale. Kwa Anaeli, ushanga mmoja umebadilika. Palipotakiwa wa aina moja, umekaa wa aina nyingine."

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Na hizo mia tano zilizobaki zinafanya nini? Zinatazama?"

Reshma akacheka mpaka akafuta macho. "Bibi, ule uzi haukai umenyooka. Unajikunja, unakuwa donge, kila ushanga umebanana na mwenzake. Mmoja ukiwa na umbo jingine, donge zima linakaa vibaya. Mlinzi anachakaa mapema. Siku za kawaida hamtaona chochote, mtoto atacheza, atasoma, atazeeka. Lakini ikija sumu ambayo chembe zake haziiwezi, zinapasuka. Ndiyo yale manjano. Ndiyo ule mkojo. Na naftalini ni mojawapo ya sumu hizo, hata kwa kuinusa tu, hasa kwa mtoto mchanga."

Eunike akafikiri. Akaliona benchi la kwaya ya akina mama, watu wamekaa vizuri, kila mtu na kitabu chake, halafu anakuja Mama Hope aliyejaliwa mwili, anakaa katikati, na wale wawili wa mwisho wanajikuta sakafuni. Mtu ni mmoja, lakini wimbo umeharibika.

"Nimekuelewa," alisema. "Tena sana."

"Ukoo, daktari," Evaresta alikumbusha.

"Mvulana hupata hali hii kwa mama yake. Baba hawezi kumpa mtoto wa kiume."

Evaresta akanyoosha mikono yote miwili juu kama yuko kwenye mkesha. "Asante, Bwana!"

"Mama!" alisema Eliasi.

"Nashukuru tu. Kushukuru ni kosa?"

Angel akainamisha kichwa. Eunike akaona lile, likamchoma, akasema haraka, "Angel naye hakushuka kutoka mbinguni. Ana baba."

Watu wote wakageuka kumwangalia Yona. Yona akaamka.

"Nimefanya nini?"

Wakamchoma kidole hapo hapo. Walikaa kusubiri, Yona akipuliza kidole chake kama mtu aliyeshika chungu cha moto, na Eunike akimwombea mume wake, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, aonekane na kasoro. Nesi akarudi. Yona alikuwa mzima.

"Mlinzi wangu yuko kazini," Yona alisema, akanyoosha kola.

"Bibi," Reshma aliuliza kwa upole, "una kaka? Aliwahi kuwa manjano?"

Eunike akatazama dari. Yona akakohoa. Alikohoa tena.

"Ninaye Aminieli," Eunike alisema hatimaye. "Aliwahi. Alimeza dawa za malaria akageuka kama papai. Sisi tulisema amerogwa na jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mpaka leo hatusalimiani na watu wale."

"Basi ni kwa mama yenu, ikaja kwako, ikaja kwa Angel. Ninyi wanawake mna nyuzi mbili. Moja ikikosewa, nyingine inafanya kazi. Ndiyo maana hukuwahi kujua. Si kosa lako, bibi. Hakuna mtu aliyeupanga ushanga ule."

Lakini Evaresta alikuwa amekwisha simama. "Basi mtoto anakuja Olasiti. Damu ya kule mlimani, sumu ya kule mlimani. Yamekwisha."

Eunike akaokota chupa ya mtoto, akatoka nje.

Angel ndiye aliyejibu, pale nje kwenye maegesho, mtoto akiwa begani. "Jumapili ijayo Anaeli anabatizwa Poli. Baada ya ibada nitasema anakwenda kukaa wapi. Nyumba yenye naftalini hakai, awe bibi gani. Na pua zenu ziwe macho, maana mimi sitakuwepo."

"Kwangu nitakuwa nimeshatoa zote," alisema Evaresta.

Eunike alirudi mlimani akaanza vita. Alichimba shimo mbali na mfereji na mbali na shamba, akafukia vidonge vyote. Akatoa nguo zote nje: vitenge, mashuka, mapazia, suti ya Yona, mpaka bendera ya Umoja wa Wanawake. Kamba hazikutosha, akatandaza juu ya mibuni. Majirani wakaja kumpa pole wakidhani nyumba imeungua, na kila mmoja alipewa habari ya mlinzi wa geti na shanga mia tano, wengine wakaondoka wakiamini kwamba Anaeli amemeza ushanga. Sanduku lenyewe aliliosha kwa sabuni mara nyingi hata rangi ikatoka, kisha akampa Yona awawekee kuku. Kuku walikataa kuingia.

Usiku wakalala kwenye mashuka yanayonuka jua. Na hapo ndipo kitu kikamtokea Eunike ambacho hakukitarajia: pua yake ikafunguka. Maisha yake yote alikuwa ameishi ndani ya naftalini kama samaki ndani ya maji, hakujua kama ananuka. Sasa mtu akipita barabarani na koti la kabatini, alimjua kabla hajamwona. "Anakuja mzee wa kanisa," alisema akiwa jikoni, na mzee wa kanisa akabisha hodi.

Ilimtia hofu zaidi kuliko furaha. Kwa sababu pale kanisani kwao, mtoto akishabatizwa hupita mikononi mwa watu, benchi kwa benchi, kila mtu ambariki. Na watu wote hao wangetoka kwenye masanduku.

Jumapili akawahi mlangoni kabla ya kengele, akasimama kama askari wa benki.

"Bwana asifiwe, Mama Angel."

"Amina. Vua koti."

"Nini?"

"Koti lako linanuka. Mtoto ataumwa. Litundike kwenye uzio, hakuna wa kuliiba, limezeeka."

Wengine walicheka, wengine walinuna, mmoja akasema uchawi umeingia usharikani, lakini koti likavuliwa, na jingine, na shali, na kofia. Haikupita muda uzio wa kanisa ukawa kama mtaa wa mitumba. Ndani watu walikaa na mashati na fulana, wakijikunyata kwa baridi ya mlimani. Kisha akaja Mchungaji Simel na joho lake jeusi. Eunike akafumba macho. Lilinuka kama duka zima.

"Mchungaji, shikamoo. Naomba uvue."

"Mama Angel, hili ni joho la Bwana."

"Joho ni la Bwana, baba. Naftalini ni ya dukani."

Mchungaji akamtazama, akatazama uzio, akavua. Akabatiza na shati la mikono mifupi, na waliokuwa pale wanasema hajawahi kufupisha mahubiri namna ile.

Evaresta alifika maji ya ubatizo yakiwa yameshamwagika. Alivaa kitenge chenye nakshi za dhahabu, kilemba kama mnara, na harufu yake ilitangulia kuingia. Eunike akaipata kabla mwenyewe hajamaliza ngazi. Wakati huo huo Angel alikuwa anakuja na mtoto, na Evaresta ameshatanua mikono.

Neno moja tu lilitosha. "Angel, mnuse." Basi. Mtoto angekuwa wa mlimani, mbele ya usharika mzima, na tungeona kama yule aliyemshukuru Bwana kliniki angeshukuru tena. Eunike alilionja neno lile ulimini, likawa tamu. Halafu akamshika Evaresta kiganja, akamvuta nje.

"Mama Angel, unanivunja mkono!"

"Njoo jikoni kidogo, chumvi imekosekana."

Jikoni kwa akina mama hapakuwa na mtu, sufuria za pilau tu. "Vua," alisema Eunike.

"Una wazimu?"

"Unanuka naftalini, Mama Eliasi. Unanuka kuliko mchungaji."

Evaresta akanusa mkono wake. Akanusa bega. Akanusa tena, uso ukabadilika, ile sauti ya Olasiti ikapotea. "Mimi sisikii kitu," alisema. "Nakuapia. Sisikii kitu kabisa."

Eunike akajua anasema kweli, kwa sababu siku chache nyuma na yeye alikuwa hivyo hivyo.

"Nilitoa za chumbani," Evaresta akaendelea, akitazama sufuria. "Nikatoa za sebuleni. Za kabati la marehemu nilishindwa. Suti zake ziko vile alivyoziacha. Nikifungua nanusa ile harufu, naona kama ameenda kazini. Nilimwambia Angel nimetoa zote."

Eunike akavua kitenge chake kilichoanikwa, akampa avae badala ya chake na kile kilemba, yeye mwenyewe akajifunga khanga mbili za jikoni zenye harufu ya vitunguu. Kilipombana Evaresta kifuani, akakilegeza kamba mgongoni. Walipokuwa wanatoka, Eunike akasimama.

"Bado kuna kitu."

Evaresta akafungua pochi. Kidonge kimoja cheupe kikaanguka sakafuni, kikaviringika mpaka chini ya sufuria.

"Ya nini kwenye pochi, mama?"

"Mende wa Olasiti huwajui wewe."

Pochi akaachiwa Yona ailinde nje, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Evaresta akaingia kanisani na kitenge kinachombana, akampokea mjukuu wake, akambariki kwa Kichaga kwa muda mrefu, na watu wakasema jinsi walivyopatana wale wakwe.

Baada ya pilau, Angel akasimama katikati yao. "Mama zangu, nimefikiri..."

"Mtoto akae mlimani," Evaresta alisema.

Angel akabaki mdomo wazi. Eliasi akaacha kutafuna.

"Mnanitazama nini? Pua yangu imekufa. Mtoto anataka mtu mwenye pua." Akamgeukia Eunike, macho yakimwomba asiongeze neno, na Eunike hakuongeza. "Ila kila Jumamosi nitapanda kukagua. Na nitalala."

"Utalala wapi?" Yona aliuliza.

"Na mjukuu wangu."

"Karibu, mkwe," alisema Yona, akimrudishia pochi kwa mkono ulionyooka. "Ila hii ibaki Olasiti."

Eunike hakuwasikia vizuri. Alikuwa ameshamfunga Anaeli mgongoni kwa khanga ya vitunguu, anashuka ngazi za kanisa taratibu, anawaambia waliosimama kwenye uzio wasubiri kwanza apite ndipo wavae makoti yao.